Muhuri uko kabatini, mwalimu yuko likizo

(Mazungumzo na wazazi na walimu, Tanga)

Asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wakubwa. Walionisikia mwaka jana kule Ngamiani wanajua ntaongea nini, maana naongea kitu kilekile na ntakiongea mpaka kieleweke: shule ikifungwa, karatasi za mtoto mwenye mahitaji maalum zisifungwe nazo.

Elimu maalum ni nini sianzi nayo, humu wote tunajua. Naanza na mama mmoja wa Mabokweni.

Ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma, joto la Tanga la mwezi huo mnalijua. Mi nlikuwa nafundisha darasa la nne, shule siitaji, na darasani kwangu kulikuwa na binti mwenye uono hafifu. Daftari analisogeza mpaka linagusa pua, akimaliza kuandika ncha ya pua ina wino wa bluu, wenzie wakawa wanamcheka mpaka siku nlipowakalia kitako. Nkamweka mbele, bado haoni ubaoni, nkaandika kwa maandishi makubwa, akawa anaona nusu. Miezi miwili imepita ndo nagundua shida nyingine ni dirisha, akikaa upande wa kulia mwanga unampiga machoni anafumba, nkamhamishia kushoto chini ya ukuta na hapo hesabu zake zikaanza kupanda. Sasa habari yote hiyo ilikuwa imeandikwa wapi? Hamna. Ilikuwa kichwani kwangu. Faili lake lilikuwa na karatasi moja tu, kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Shule ikafungwa. Mama akampeleka mtoto kupimwa, na wale wataalamu wakamwambia lete barua ya shule inayoeleza mtoto anasomaje darasani, ili kuanzia Januari apelekwe shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona. Mama akaenda shuleni, akamkuta mlinzi. Njoo kesho. Akarudi, njoo Jumatatu. Jumatatu mlinzi mwenyewe akamwonea huruma akampigia mwalimu mkuu kwa vocha yake, na jibu likawa kwamba mwalimu mkuu yuko kwao mkoani, ufunguo wa kabati anao yeye na muhuri umo kabatini, mama asubiri shule ifunguliwe. Siku zote hizo tatu mi nipo nyumbani Makorora, nakuna nazi, nafua, simu yangu iko hewani, wala hamna aliyenambia kitu.

Januari shule imefunguliwa, barua ikaandikwa, na kule bwenini nafasi zimeshajaa. Yule binti akarudi kukaa darasani na watoto 90, darasa lingine, mwalimu mwingine, na mwalimu yule akamkalisha dirisha la kulia. Angejuaje? Nani alimwandikia?

Jambo hili bado linaniuma. Mwaka mzima wa mtoto umeliwa na karatasi ambayo ningeiandika kwa nusu saa kabla hatujafunga.

Sasa najua kuna mwalimu hapo ananitazama anasema mwalimu nae ana haki ya likizo. Ni kweli kabisa, anayo, na mi sijasema mtu asiende kwao akaone wazazi wake. Nachosema ufunguo na muhuri vibaki na mtu mmoja aliyepo mjini, mwalimu wa zamu, namba yake ibandikwe getini. Halafu mtu anakuja na lile swali, mzazi kwa nini asingekuja mapema? Jamani. Mzazi anakuja Juni na Desemba kwa sababu ndo muda pekee mtoto hakosi vipindi, na yeye biashara yake ya samaki haimruhusu kuzunguka na mtoto kila siku. Likizo kwa watoto hawa ndo msimu wa kupimwa na kuhama, maombi lazima yaje mengi wakati huo, tunashangaa nini?

Kule Uingereza mzazi akiomba mahitaji ya mtoto kielimu yapimwe, halmashauri ina wiki 6 za kumjibu kama itayapima, na mpango mzima wa kumsaidia mtoto, ukihitajika, unatakiwa ukamilike ndani ya wiki 20. Likizo nayo imo kwenye kanuni, shule ikifungwa wiki zisizopungua 4 halmashauri inaweza kujitetea kwamba taarifa zimechelewa, lakini kalenda haisimami eti kwa sababu tu watu wamefunga shule. Mtaniambia wale wana hela. Kuandika tarehe kwenye barua ya mzazi siku umeipokea kunataka hela gani? Na sisi sheria yetu ya watu wenye ulemavu ipo tangu 2010, haki ya elimu imo.

Muda naona umeisha, naonyeshwa saa hapa. Haya, haraka haraka. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga, mwalimu wa darasa aandike ukurasa mmoja kwa kila mtoto wa mahitaji maalum: anaonaje, anasikiaje, anakaa wapi, nini kimemsaidia, nini kimeshindikana. Kopi mbili, moja faili, moja kwa mzazi ndani ya bahasha iliyofungwa, maana ni siri ya mtoto, isisomwe na daladala nzima. Mzazi nawe andika namba ya PReM ya mtoto mahali, ile namba yake ya usajili wa mwanafunzi, uhamisho unaitaka. Cheti halisi usimwachie mtu, toa kopi. Ukipeleka ombi beba nakala yako, aliyepokea asaini na aweke tarehe, hata kama aliyepokea ni mlinzi.

Wa darasa la saba wasikilize hili. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum anaongezewa dakika 20 kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kila saa kwenye masomo mengine, na mwenye uono hafifu anapata karatasi ya maandishi makubwa. Hayo maandishi makubwa hayachapishwi asubuhi ya mtihani, mtoto anatakiwa awe ameandikishwa hivo mapema, na mtihani ni Septemba. Ukingoja likizo ya Juni ndo uanze kuulizia barua, umeshachelewa.

Nlitaka niongelee na watoto viziwi na wakalimani wa lugha ya alama, siku nyingine. Yule mama aliyenishika mlangoni na bahasha ya kaki, usiondoke, tukae pale chini ya mwembe tuiangalie pamoja, kalamu ninayo.