Mpishi wa Bwalo na Barua ya Mchungaji

Mhadhara uliotolewa Iringa kwa viongozi wa dini na wasimamizi wa taasisi zao

Kamwene. Wachungaji, mapadre, masheikh, wazee wangu, na ninyi ndugu zangu mnaosimamia shule na vituo vya afya vya dini hapa Iringa, Njombe na Mbeya, asanteni kwa kuniita tuzungumze ni lini taasisi ya dini inaweza kudai dini ya mtu inapoajiri.

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili alinijia mama mmoja, mpishi wa shule ya bweni ya taasisi ya dini. Shule siitaji, wala dhehebu. Alikuwa amewapikia wanafunzi ugali na maharage miaka tisa. Kisha akaolewa na kuhamia kanisa la mumewe. Kila mwaka wafanyakazi walidaiwa barua ya mchungaji ya kuthibitisha kwamba ni waumini wake. Mwaka ule naye aliipeleka, ila iliandikwa na mchungaji wa kanisa jingine. Shule ilipofunguliwa alikuta mtu mwingine jikoni.

Nilimuuliza ni lini hayo yalitokea. Miezi minne iliyopita, akasema. Muda wote huo alikuwa akiwasubiri wazee wa kanisa wamwombee kwa mkuu wa shule. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; ukichelewa, unaomba kuongezewa muda na kueleza kilichokuchelewesha. Nilitaka kumwandikia maombi hayo bila malipo. Akakataa. "Mwanangu," akaniambia, "nitalishtakije kanisa lililonibatiza?"

Sijapata jibu la swali lile, na ndiyo maana leo nazungumza nanyi mnaoajiri. Watu wetu hawatawapeleka Tume. Watanyamaza na kwenda nyumbani.

Sikatai kwamba jumuiya ya waumini ina haki ya kuchagua watu wake. Ibara ya 20 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kushirikiana na wenzake kwa hiari. Ibara ya 19 inasema uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hakuna hakimu wa kuuletea msikiti imamu au kuupangia usharika mchungaji, na siku atakapotokea mtaniona mahakamani upande wenu.

Lakini Katiba hiyohiyo, ibara ya 13, inakataza ubaguzi na inaitaja dini kwa jina. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa dini, na inamlinda hata anayeomba kazi. Kwa jambo letu hili imeacha mlango mmoja: si ubaguzi kumchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Naomba tulishike neno hilo, kazi yenyewe. Sheria haikuuliza jengo ni la nani. Imeuliza mtu huyu akifika asubuhi anafanya nini.

Katekista anafundisha imani. Mwalimu wa madrasa vivyo hivyo. Hapo hatuna ubishi. Mpishi anawasha moto, anasonga ugali, anaosha masufuria. Niambieni ni sufuria gani inayouliza ubatizo. Dereva je? Mhasibu? Anayenisumbua kweli ni matroni wa bweni. Kama kuongoza sala za asubuhi ni sehemu ya majukumu yake, yameandikwa, na anafanya hivyo kila siku, nakubali dini yake ina uzito. Kama sala ziliongezwa kwenye tangazo ili wengine wasiombe, sikubali. Na akilalamika akaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri atakayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwepo.

Wenzetu wa mbali nao wamevutana. Marekani, mwaka 1987, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa dai la mfanyakazi wa ukumbi wa mazoezi wa Kanisa la Mormoni mjini Salt Lake City. Alikuwa amefanya kazi miaka 16 akitunza jengo, si roho za watu, akaachishwa kwa kukosa cheti cha kuingia hekaluni. Majaji walihofia dola kuanza kuamua lipi ni la dini na lipi silo. Hofu hiyo naielewa. Hata hivyo naegemea Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 2018, katika shauri lililotoka Ujerumani, ilisema kanisa linaweza kudai imani pale tu kazi inapoihitaji kwa dhati, na kwamba mahakama ina haki ya kulikagua dai hilo.

Halafu kuna fedha. Nyanda zetu hizi zimetibiwa na hospitali za dini tangu kabla ya Uhuru, na mikataba ya hospitali teule, yaani hospitali za dini zinazotoa huduma kwa niaba ya Serikali, imeleta mishahara ya Serikali ndani ya kuta zenu. Mshahara huo umetoka kwenye kodi ya muuza mbao wa Mafinga, na hakuna aliyemuuliza anasali wapi. Anayepokea fedha hizo hana uso wa kumwambia binti wa muuza mbao kwamba uuguzi ni wa waumini wetu tu.

Padre mmoja ameniuliza hapo mlangoni: tukiajiri yeyote, si taasisi itapoteza sura yake? Baba, dai mwenendo. Mwambie mfanyakazi hapa pombe haiingii, saa ya ibada hakuna redio, imani ya wenye nyumba haidharauliwi. Ayajue hayo kabla ya kusaini mkataba, na akiyavunja, muwajibishe. Ila akibadili kanisa Jumapili na Jumatatu ugali ukaiva vilevile, muache na mwiko wake.

Chai iko tayari. Niliwaomba mje na matangazo yenu ya kazi ya karibuni. Mliokuja nayo, tukutane meza ya dirishani; kuna moja la dereva linalodai barua ya mchungaji, tutaanza na hilo.