Kidonge Kwanza, Mala Baadaye

Mhadhara uliotolewa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa jamii, Buruburu, Nairobi

Mnanisikia huko nyuma? Kama spika inakoroma niambieni, niiweke chini nipaze sauti. Nimelea watoto wanne, sauti ninayo.

Haya. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa nitazungumza juu ya "vyakula vya kuchachua vinavyoponya tezi ya thairoidi," ile tezi ya shingoni inayotoa homoni ya kuuendesha mwili. Mwenyekiti, mwanangu, nakushukuru, lakini hilo neno "vinavyoponya" si langu. Nilikuandikia "huenda vikasaidia." Kati ya maneno hayo mawili pana shimo, na nimeona watu wakitumbukia humo. Wale walionisikia mwaka jana mtanivumilia, maana nitairudia hadithi ileile.

Nina jirani, mama wa makamo, muuza mitumba pale Gikomba. Alianza kwa uchovu. Baridi ya Julai alivaa sweta mbili ndani ya nyumba, na Desemba alikuwa bado nazo. Choo, siku nne hakuna. Nywele za mbele zikamtoka, akagombana na msusi wake bure. Akaenda kupimwa, TSH ikawa juu sana. TSH mnaijua: ni amri inayotoka kichwani kuiambia tezi ifanye kazi, na tezi ikisinzia amri inazidi kupigiwa kelele. Akaandikiwa levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani, mikrogramu 50 kwa siku. Wengi wenu mnakijua kidonge hicho, kidogo hadi kinapotea kiganjani.

Akarudi baada ya wiki nane, TSH bado juu. Wakampandisha 75. Bado. 100. Bado. 125. Mwaka ukaisha. Daktari akamwuliza kwa ukali kama kweli anameza dawa, naye akaapa hajaruka hata siku moja. Na alikuwa anasema kweli.

Asubuhi moja nikaenda kwake kuazima sufuria. Saa kumi na moja na nusu, anajiandaa awahi bale likifunguliwa. Mezani pana chupa ya chai, mandazi mawili ya jana na kikombe cha bati. Akafungua kiganja: kile kidonge cha tezi, pamoja na kidonge kikubwa chekundu cha madini ya chuma, kwa sababu hedhi yake ilikuwa nzito. Akavitupia vyote kinywani pamoja, akavisukuma kwa chai, chai yetu hii ya nusu maziwa nusu maji, na andazi likafuata. Nikamwuliza, mama, unafanya nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Nameza dawa."

Ndugu zangu, dawa ilikuwa ikiingia mdomoni, mwilini haiingii. Levothairoksini hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, na hata kwa anayeimeza vizuri, tumbo likiwa tupu, kinachofika kwenye damu ni kama asilimia 60 hadi 80. Ukiongeza chuma, chuma kinaishika. Ukiongeza maziwa, kalsiamu yake inaishika pia. Kahawa nayo haiiachi salama. Vinashikana humo tumboni kisha vinatoka pamoja chooni, na wewe umelipia. Nikamwambia: kidonge hiki na maji matupu, ukiamka tu. Chai baada ya saa moja. Chuma kisogee mbali kwa saa nne, kinywe usiku.

Baada ya miezi miwili TSH ikashuka kama jiwe. Tena moyo ukaanza kumdunda, kwa sababu sasa zile 125 zilikuwa zinaingia kweli. Daktari akamshusha hadi 100.

Huo ndio uhusiano wa utumbo na tezi ninaoujua kwa uhakika kuliko wote, na hamtausikia ukitangazwa popote. Utatangazwa vipi? Hauna kitu cha kuuza. Maji ya bomba hayana kibandiko.

Hadithi haijaisha. Kabla sijarudisha ile sufuria (ndiyo, nilikaa nayo, msinihukumu), akafikiwa na mtu wa kikundi cha WhatsApp. Chupa moja ya kinywaji kilichochachushwa, shilingi 1,800, ya kuamsha tezi kupitia utumbo. Akaambiwa: umeanza kupata nguvu, sasa acha hizo kemikali, mwili ujiponye wenyewe. Akaacha kidonge.

Wiki ya kwanza, mzima. Wiki ya pili, mzima kabisa. Akatuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi, dakika tatu, anashukuru, anasema amepona. Mwuzaji akauchukua ujumbe ule akausambaza. Mpaka leo huenda bado unazunguka, labda kuna mtu humu ukumbini anao kwenye simu.

Sasa nisikilizeni hapa, hata wewe unayechezea simu. Homoni ile ina tabia ya kuondoka mwilini polepole. Baada ya siku 7 hivi, nusu yake bado imo kwenye damu. Baada ya siku 14, robo. Mama yule hakuwa anaishi kwa chupa, alikuwa anaishi kwa akiba, kama mtu aliyeachishwa kazi lakini bado anakula mshahara wa mwezi uliopita na kusema kazi ya nini. Ushuhuda wote wa "niliacha dawa nikajisikia vizuri" hutolewa katika wiki hizo mbili. Muulizeni huyo shahidi mwezi wa pili. Wa kwetu, wiki ya sita, alisinzia kwenye matatu akapitishwa steji yake, akaamshwa na makanga mwisho wa gari. Nilipompigia simu nilidhani mumewe ndiye aliyeipokea, sauti ilivyokuwa nzito. Uso umevimba. Chupa ya nne iko nusu.

Najua mnachotaka kusema. Yule mzee pale ameshaanza kutikisa kichwa. "Mama, unapinga vyakula vya mababu?" Mzee wangu, mimi nimelelewa na uji wa mukio. Shosho yangu kule Murang'a alikuwa akisaga mahindi na wimbi yaliyolowekwa, anautia unga kwenye kibuyu, unakaa siku mbili tatu karibu na moto hadi kibuyu kinaanza kupumua. Ukikitegea sikio unasikia. Na alijua kutofautisha kilichochacha na kilichooza kwa pua tu, jambo ambalo wengi wetu tumelisahau.

Na uji ule una faida ya kweli kwa tezi, ila si ile mnayouziwa. Nafaka ina kitu kinaitwa fitati, kinachoshikilia chuma na zinki visifyonzwe. Kuchachua kunaivunja sehemu ya fitati hiyo. Na kile kimeng'enya kinachotengeneza homoni ndani ya tezi kina chuma ndani yake. Damu ikipungukiwa na chuma, tezi inafanya kazi kwa shida. Kwa hiyo uji wa mukio unasaidia kama ndugu anayekuletea kuni. Kupika bado ni juu yako.

Lakini bakteria hai? Uji tunauchemsha! Wamekufa wote. Mtu ananiuzia unga wa uji "wenye bakteria hai wa kutibu utumbo", nami namwuliza, wewe unaunywa ukiwa mbichi? Wa mala ndio hai, kama haikupashwa moto baada ya kugandishwa. Maziwa yanachemshwa kwanza kuua wabaya, kisha yanatiwa kianzio cha bakteria wazuri, yanalazwa. Ndiyo maana tunayaita maziwa lala, yalilala kwa amani. Yale mabichi yanayolazwa bila kuchemshwa yanaweza kukupa homa ya brusela, na hapo tezi itakuwa shida yako ndogo.

Basi hao walio hai wanafanya nini? Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima 36 waliowabadilishia chakula kwa wiki 10. Kundi moja lilikula kwa wingi vyakula vya kuchachua, mtindi na kabichi iliyochachushwa na vya namna hiyo. Kundi hilo aina za bakteria utumboni ziliongezeka, na protini 19 zinazoashiria inflamesheni, yaani kinga kuwaka ndani ya mwili, zikashuka. Ni habari njema, mimi mwenyewe nilifurahi. Kwa nini inatuhusu? Kwa sababu mahali ambapo chumvi ina iodini ya kutosha, tezi nyingi zilizosinzia zimeshambuliwa na kinga ya mwili yenyewe, ugonjwa aliouandika daktari Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912. Na sehemu kubwa ya chembe za kinga zinakaa pembezoni mwa utumbo. Kwa hiyo ukiutuliza utumbo huenda ukaituliza kinga. Huenda. Wale 36 walikuwa watu wenye afya zao, hawakuchaguliwa kwa ugonjwa wa tezi. Anayechukua utafiti ule na kuubandika kwenye chupa ya 1,800 ameruka mto bila daraja.

Tena mnaniambia utumbo mbovu ndio ulioharibu tezi. Mmeuliza nani alitangulia? Tezi ikilala, utumbo nao unapunguza mwendo, ndiyo maana choo kinafunga. Chakula kikikawia njiani bakteria wanazaana mahali pasipowafaa. Watafiti wa Italia waliwapima watu 50 waliowahi kuwa na tezi iliyosinzia: 27 walikuwa na bakteria kupita kiasi kwenye utumbo mwembamba. Katika watu 40 wasio na tatizo hilo, wawili tu. Sasa unapomwona mgonjwa wa tezi tumbo limejaa gesi, usikimbilie kusema tumbo ndilo lililoanza ugomvi.

Na kuchachua si baraka kila mahali. Muhogo mchungu, ndiyo: ukiuloweka na kuuchachua unaondoa sumu ya sianidi, ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu kinachoizuia tezi kupata iodini. Lakini uwele ni kesi nyingine. Sudan, hasa Darfur, ni mahali ambapo uwele ni chakula cha kila siku na rovu, ule uvimbe wa tezi shingoni, limekuwa tatizo kubwa. Watafiti wakauchachua uwele kwa njia ya kienyeji, wakaulisha panya. Mnatarajia nini? Kuchachua kukaongeza uwezo wa uwele kuisumbua tezi, hakukupunguza. Msianze kutupa uwele, mama! Nakuona ukiandika. Wewe unakula mchanganyiko na chumvi yako ina iodini. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "kikichachuliwa kinakuwa dawa", mwulize kipi.

Kuna kijana kaniandikia karatasi hapa: "Mababu hawakuwa na vidonge na waliishi." Waliishi walioishi, kijana. Waliokufa hawakutuachia ujumbe wa sauti. Huko Uingereza, mwaka 1891, daktari George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 ambaye tezi yake ilikuwa imezimika. Alimchoma sindano ya maji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, baadaye akawa anampa anywe. Kabla ya hapo mgonjwa wa namna hiyo alikuwa akivimba, akipoteza kumbukumbu, akififia hadi kufa. Yule aliishi miaka 28 zaidi, na inakadiriwa alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Mia nane na sabini! Wewe unalalamikia kidonge kimoja kisicho na harufu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima juu ya mursik, maziwa ya kuchachua ya Wakalenjin, yale ya masizi ya mti wa senetwet kwenye kibuyu, na kemikali ya asetaldehaidi iliyopimwa ndani yake. Basi, nitarudi siku nyingine, Wakalenjin mlio humu tutaongea nje. Chumvi: Kenya ina sheria ya iodini kwenye chumvi tangu miaka ya 1970, mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Hivyo vidonge vya mwani vinavyouzwa mtandaoni vinaweza kukupa nyingi kupita kiasi, na iodini ikizidi tezi inaweza kulala vilevile. Biotini mnayomeza kwa ajili ya nywele inavuruga kipimo, iacheni angalau siku mbili kabla ya kutolewa damu, na mwambieni mpimaji. Mjamzito mwenye ugonjwa wa tezi asingoje kliniki ya mwezi ujao, dozi yake mara nyingi inabidi ipande mapema.

Jirani yangu? Amerudi kwenye kidonge. Anakiweka dirishani karibu na mswaki, anakimeza kwa maji kabla hajawasha jiko. Mala anakunywa mchana pale Gikomba, kikombe kizima, na chapati. Anasema tumbo limetulia tangu aanze, nami namwamini, tumbo ni lake. Sufuria nimerudisha.

Naambiwa chai iko tayari pale nyuma. Kuna mtu humu hajameza kidonge chake cha leo? Usione haya, inua mkono. Wawili, watatu... wewe pia, mzee? Basi ninyi njooni kwanza hapa mbele, kuna maji. Chai yenu tutawawekea kwenye chupa.