Mdomo unasema hivi, damu inasema vile

Haya haya, mambo zenu, dada yenu nimerudi. Msamehe mwanga, leo nimekaa dirishani maana kule chumbani jirani kafungulia mziki utafikiri kuna kipaimara. Huku Durban, Afrika Kusini, ni jioni, bahari ile pale ila hamuioni, imezibwa na ghorofa.

Sasa wengi mnaniuliza kwani dada huko unafanya nini hasa, na mama mdogo ndo kabisa kashawatangazia watu wa jumuiya kwamba nasomea udaktari. Sio udaktari jamani. Nasoma afya ya jamii, na hela ya kodi naipata kwenye mradi wa utafiti wa vijana, mambo ya virusi vya ukimwi na afya ya uzazi. Kizulu changu ni cha kuombea chenji kwenye teksi tu (teksi huku ndo daladala, ila konda hakuna, abiria mnapitishiana hela wenyewe), kwaiyo maswali siulizi mimi, wanauliza wadada na wakaka wa hapahapa KwaZulu-Natal. Mi kazi yangu ni tableti. Nazichaji, nahakikisha dodoso linafunguka, usiku nakaa na majibu nayasafisha.

Ngoja niwape kisa kimoja, sitasema kijiji gani. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, kaja binti, tuseme ana miaka kumi na kitu, kaletwa na bibi yake, bibi kabaki nje kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Mhojaji kaanza na maswali mepesi, unaishi na nani, nyumbani mna friji, jana ulikula nini, binti anajibu vizuri tu anacheka. Yakifika yale maswali yenyewe huwa hayaulizwi kwa mdomo, anapewa tableti na hedifoni, sauti inamsomea swali sikioni, anabonyeza jibu mwenyewe na mhojaji anageuka pembeni. Binti kavaa hedifoni, kasikiliza swali la kwanza, kavua. Akamwambia mhojaji hebu vaa wewe. Mhojaji kavaa. Binti kainuka, katoka nje hadi pale kwenye benchi, kasimama karibu na bibi yake kama anaangalia jua, katega sikio. Mi niko mlangoni na waya zangu za chaji namwangalia tu. Alivyojiridhisha kwamba kweli haisikiki akarudi, akakaa, akaanza kubonyeza.

Yaani mi nimekaa darasani mihula miwili nafundishwa usiri wa takwimu, yule binti kanifundisha kwa dakika moja.

Maana mjue tatizo kubwa la hii kazi sio virusi kuwa vigumu kuvielewa, tatizo ni kwamba mtu anakwambia anachoona ni salama kukwambia. Kuna utafiti unaitwa VOICE, huu ni maarufu huku, ulianza 2009, wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wanajaribu vidonge na jeli ya kujikinga na virusi. Kila wakija kliniki wanaulizwa mnatumia? Tunatumia. Wanahesabiwa vidonge walivyorudisha, hesabu inakaa sawa, inaonyesha kama asilimia 90 wanatumia. Matokeo yanatoka 2013 hakuna dawa hata moja iliyofanya kazi, watu wakashika vichwa, kwenda kupima damu iliyohifadhiwa wanakuta dawa imeonekana kwa chini ya theluthi ya sampuli. Na waliokuwa hawatumii zaidi ni wadogo, wale wasioolewa, ambao ndo haohao waliokuwa wanaambukizwa zaidi.

Ukisikia hivyo haraka haraka unasema wamedanganya, wamekula nauli za watu. Hapana bwana. Walivyokuja kuhojiwa baadae wakaeleza, kile kidonge ni jamii ileile ya dawa anazokunywa mgonjwa, sasa binti mzima wa afya unamwelezaje mpenzi wako au mama mkwe kopo la ARV kwenye droo? Mtaani washasema kakanyaga miwaya. Huku wanasema "amagama amathathu", kama kusema zile herufi tatu, hawalitaji jina. Sisi tunasema ngoma, umeme, kaungua, tofauti iko wapi.

Na lile kopo lenyewe lina kelele! Mnalijua, ukitembea linachezacheza kama kayamba. Binti mmoja alituonyesha la kwake, kalijaza pamba hadi juu ili lisilie kwenye mkoba wa shule. Nikasema huyu ndo angeitwa kwenye kikao cha kutengeneza dawa.

Alafu msione ni mambo ya Wazulu, nyumbani Tanzania tulishayapata kabla. Mwanza, miaka ya mwisho ya tisini, kulikuwa na mradi wa MEMA kwa Vijana, wazazi wetu wa kanda ya ziwa wanaukumbuka, walimu wa shule za msingi wanafundisha afya ya uzazi, zahanati zinafunzwa kupokea vijana bila kuwafokea. Kwenye jamii 20, nusu zinapata mafunzo nusu zinasubiri. Wakaja kupima baada ya miaka mitatu hivi, vijana wanajua kila kitu, darasani wanajibu A, ila maambukizi hayakutofautiana na kule ambako hawakufundishwa. Na kituko kingine, kuna wasichana wengi walioandika sijawahi kulala na mwanaume, wakati vipimo vinaonyesha mimba au ugonjwa wa zinaa. Ungekuwa wewe umekaa mbele ya mgeni katoka mjini na kalamu ungesemaje?

Ndo maana ile sindano ya kukinga virusi, lenacapavir, nilivyoisikia 2024 nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Unachomwa tumboni chini ya ngozi, mara mbili kwa mwaka, basi, hakuna kopo. Waliijaribu kwa wasichana wa miaka 16 mpaka 25 hapa Afrika Kusini na Uganda, na kati ya 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sifuri! Wenzao waliopewa vidonge, hadithi ikawa ileile, wengi hawakuvinywa. Na mi napenda kwamba waliwaingiza wa miaka 16 na 17 tangu mwanzo, maana kawaida dawa inajaribiwa kwa watu wazima, mtoto anaambiwa subiri.

Ila sheria za huku zina vichekesho vyake. Mtoto wa miaka 12 anaingia kliniki anapima virusi kwa ridhaa yake mwenyewe, mzazi asijue. Sisi nyumbani tumeshusha kutoka 18 hadi 15, ilikuwa 2019. Sawa. Ila mtoto huyohuyo wa huku nikitaka kumuuliza maswali ya utafiti, mpaka mzazi asaini fomu. Kwaiyo kupima anaweza, kuulizwa kwa nini alienda kupima hawezi mpaka mama asome karatasi yenye neno ngono mara sita. Naelewa sababu, watafiti wameshatesa watu Afrika hii, lazima mtoto alindwe. Lakini wale ambao nyumbani ndo kwenye hatari, ndo haohao hatuwapati.

Na wanaume nao tunawakosa. Hapo Vulindlela, juu kidogo ya Pietermaritzburg, watafiti walilinganisha virusi vyenyewe, vinasaba vyake, kuona nani yuko kwenye mnyororo mmoja na nani. Wakakuta wasichana wa chini ya miaka 25 wanaambukizwa na wanaume waliowazidi kwa wastani wa miaka 8.7. Wanaume watu wazima wanaohonga wasichana, huku wanawaita mablesa, Kenya masponsa, sisi tulikuwa na fataki kwenye redio mnakumbuka. Sasa fataki ana miaka thelathini na, yuko kazini, hana ukumbi wa kanisa wala bibi wa kumleta. Tableti yangu haijawahi kumwona.

Haya, la mwisho. Juzi mama mdogo kanipigia, eti wewe si ndo unafanya hayo mambo, hebu ongea na mdogo wako, simwelewi siku hizi. Nikasema sawa mpe simu. Dogo kashika, nikamsalimia, nikamuuliza za shule, nzuri, nikamuuliza uko vizuri kweli, niko vizuri dada. Sauti ya roboti kabisa. Nikamuuliza, mama yuko wapi? Kimyaa. Akasema yupo hapa, ameweka spika.

Nikamwambia toa spika, chukua eafoni zako, toka nje.

Tumeongea saa nzima na dakika kumi, bando langu limeisha, na aliyoniambia siyasemi hapa wala mama mdogo asinipigie kuniuliza. Wiki ijayo nawapeleka sokoni kununua viungo vya biriani, baadae.