Monochrom yako ya zamani, uibadilishe au ubaki nayo? Fanya majaribio haya kwanza

Asalaam aleykum jamani, karibuni. Leo tuna suala ambalo naulizwa kila nikikaa barazani na kamera shingoni, nalo ni hili: mtu ana kamera ya dijitali ya picha nyeusi na nyeupe tupu, ya zamani, anaona mpya zinatoka, roho inamdunda, auze achukue mpya au abaki nayo? Hii niloishika hapa ni Leica M Monochrom ile ya kwanza kabisa, ilotangazwa 2012, megapikseli 18. Baada yake ikaja Typ 246 mwaka 2015 yenye 24, halafu M10 Monochrom mwaka 2020 yenye 40, na M11 Monochrom mwaka 2023 yenye 60. Mimi yangu niliinunua mkononi, kwa mtu alokuwa anahama kisiwani, na nimezunguka nayo Mji Mkongwe wote huu mpaka rangi nyeusi kwenye kona zake imebanduka shaba ikaonekana.

Kabla hatujaanza, nieleze kidogo kwa asojua. Kamera ya kawaida juu ya sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina vichujio vidogo vidogo vya rangi, nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu na robo buluu, halafu kompyuta iliyomo ndani inakisia rangi zilobaki. Hizi Monochrom hazina vichujio hivyo, kila pikseli inapokea mwanga wote unaoifikia, hakuna kukisia, ndo maana picha yake inakuwa kali na haili mwanga mwingi. Hasara yake ni moja na ni kubwa: kwenye kamera ya rangi ukishapiga unaweza kukaa kwenye laptopu ukaseti mbingu iwe nyeusi zaidi au uso uwe mweupe zaidi kwa kucheza na rangi, kwenye hii huwezi, ilichokipata ndo hicho hicho. Shikeni hapo maana tutarudi.

Haya, hatua ya kwanza, na hii usiiruke hata kidogo: pima afya ya sensa. Hizi za kwanza zina ugonjwa unaojulikana, kioo chembamba kinachofunika sensa kinaliwa na unyevu, na mwaka 2014 kampuni yenyewe ilikubali tatizo lipo ikawa inabadilisha sensa bure kwa miaka kadhaa, sa hivi utaratibu huo umeshafungwa. Sasa sisi tunakaa wapi? Tunakaa kisiwani, hewa ya chumvi usiku na mchana, masika ikiingia hata kanzu kabatini inanuka ukungu, kwa hiyo mtu wa Unguja au Pemba ana sababu ya kupima kuliko mtu wa pahala pakavu.

Fanya hivi. Weka lenzi yoyote, funga tundu mpaka f/16, ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, iache 320, fokasi ipeleke mwisho kabisa kule mbali. Tafuta ukuta mweupe, mimi natumia huu wa nyuma ya nyumba ulopakwa chokaa, sogea karibu ili ukuta usikae kwenye fokasi, halafu piga huku unaitikisa kamera kidogo, usiogope, tunataka ukuta ufutike zibaki alama za sensa peke yake. Ipeleke picha kwenye kompyuta, pandisha kontrasti mpaka juu, vuta mpaka asilimia mia na pitia pole pole kutoka kona hii mpaka kona ile.

Angalieni hapa kwenye skrini. Hiki kidoa cheusi, hakina umbo maalum, hichi ni vumbi tu. Chukua kipulizio cha mpira, puliza, piga tena, kimeondoka. Ila ukiona kidoa cha duara kina pete nyeupe inakizunguka, kama tone la mafuta juu ya mchuzi, ukapuliza, ukasafisha, ukapiga tena na kiko pale pale, hapo kioo kimeanza kuliwa. Kimoja viwili unaweza kuishi navyo, lakini havirudi nyuma, vinaongezeka. Yangu alhamdulillahi ni safi, mwenyewe wa kwanza alishabadilishiwa sensa na alinipa karatasi yake, na ukinunua mkononi hiyo karatasi iulize kabla hata hujauliza bei.

Kama sensa yako imeoza basi jibu umeshalipata, hiyo kamera usiitilie pesa nyingine, tumia mpaka ikuchoshe halafu songa mbele. Kama nzima, twende hatua ya pili.

Hatua ya pili ni fokasi. Wengi wanaosema kamera yangu imezeeka haitoi picha kali, tatizo si sensa, ni kile kipimo cha fokasi kimehama kwa kugongwa gongwa, na marekebisho yake ni kazi ya fundi anayejua, si kununua kamera nyengine. Kujua ni rahisi sana. Nenda kwenye mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba, hapa mjini utakosa maji usikose mlango. Funga kamera kwenye stendi, simama ubavuni kwa mlango ili misumari ikimbie kutoka karibu kwenda mbali, fungua lenzi mpaka mwisho, f/2 kama unayo, na fokasi uiweke kwenye msumari wa tano. Mimi nakata kipande cha tepu nyeupe nabandika hapo nisichanganyikiwe, na muombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Piga mara tano, kila mara fokasi upya. Ukiona msumari wa tano ni mkali mpaka zile nyufa ndogo unazihesabu, fokasi yako nzima. Ukiona mara zote tano mkali ni wa nne au wa sita, imehama. Ukiona mara wa nne mara wa saba bila mpango, hapo ni jicho lako au mkono, na kwa hilo hata ile ya megapikseli 60 haitokusaidia, itaonesha kosa kubwa zaidi.

Hatua ya tatu, mwanga mkali. Hapa ndo watu wanaichukia kamera bure. Kumbukeni nimesema hakuna rangi ndani, basi sehemu nyeupe ikishaungua imeungua, kwenye kamera ya rangi mara nyingi rangi moja inabaki na habari kidogo programu ikakuokolea, hapa hakuna cha kuokoa. Na sisi watu wetu wanavaa kanzu nyeupe, kofia nyeupe, kuta za chokaa, jua la saa sita mchana. Nenda Ijumaa watu wanapotoka msikitini, kaa kivulini upande wa pili, ipunguze kamera mwanga kwa theluthi mbili ya stopu, stopu moja ni kukata mwanga nusu, halafu piga nyengine umepunguza stopu nzima. Ukifika nyumbani angalia bega la kanzu lile lililopigwa na jua, je ule mshono na darizi ya shingoni vinaonekana au pamekuwa karatasi tupu? Halafu nyanyua kivuli, uso ulo chini ya kofia, utashangaa vitu vinavyotoka kwenye giza lile. Mimi mwaka mzima wa mwanzo nilikuwa naunguza kanzu za watu nalaumu kamera, kumbe nilikuwa napiga kwa mazoea ya kamera ya rangi. Tangu nijue hivyo naiacha kwenye theluthi mbili chini muda wote wa mchana.

Ya nne, filta, na hapa nitakaa kidogo maana ndo raha yenyewe na ni rahisi mara nyingi kuliko kamera mpya. Kwa vile huwezi kucheza na rangi baadae, unacheza nayo kabla, kwa kioo cha rangi mbele ya lenzi. Manjano inakula kama stopu moja, chungwa kama mbili, nyekundu kama tatu.

Niliipeleka kamera Pemba msimu wa karafuu, nikapiga majamvi yamepangwa mbele ya nyumba. Kwa macho ni kitu kizuri mno, kuna mbichi za kijani, kuna zilopiga wekundu kichwani, kuna zile za juzi zimeshakuwa kahawia zinaelekea nyeusi, na bibi mmoja amechutama anazigeuza kwa kiganja, unasikia zinavyokwaruza kwenye jamvi. Nikapiga bila filta. Kijani na nyekundu zikatoka kijivu kimoja, kama mtu amemwaga kokoto. Nikafunga filta nyekundu nikapiga tena pale pale: zile zenye wekundu zikang'ara, za kijani zikazama, na unaona kabisa ipi imechumwa leo. Vidole vya bibi navyo vikapata nuru, maana ngozi zetu za kahawia zina wekundu ndani yake na filta hiyo inautoa, ya kijani ingeutia giza. Bahari ile ya kijanikibichi ya Jambiani kwa filta nyekundu inakwenda nyeusi kabisa na tanga la ngalawa linabaki jeupe peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kusema kamera yangu inatoa picha za kijivu zimepooza, nunua filta mbili, manjano na nyekundu, tembea nazo mwezi. Kama bado hujaridhika, njoo hatua ya tano.

Hatua ya tano ni giza, na hapa nasema ukweli, ya zamani inashindwa. Hii mwisho wake ni ISO 10000, na mimi binafsi juu ya 5000 siipendi. M10 Monochrom inafika 100000 na M11 Monochrom 200000, nambari hizo za mwisho hazina kazi sana, lakini maana yake ni kwamba pale ambapo yangu inahema hizo mpya zinatembea. Kuna rafiki aliniazima M10 Monochrom siku tatu, nikaenda nayo kwenye Maulidi ya Homu usiku, taa moja ya tyubu ukutani, safu ya watu wamepiga magoti wanayumba pamoja, mikono inapanda na kushuka. Kwa yangu nimeshapiga shughuli ile mara nyingi na mikono inatoka moshi, kwa sababu shata lazima iwe ya taratibu. Kwa ile nikaongeza spidi ya shata mara nne, chenga, yale madoadoa ya picha za gizani, zipo lakini nzuri, kama punje za filamu, na vidole vinaonekana kimoja kimoja. Hilo siwezi kulifanya kwa yangu kwa ujanja wowote.

Na zaidi ya chenga, hii ya kwanza huwezi kuona picha kwenye skrini kabla ya kupiga, kile kiskrini cha nyuma nacho ni hafifu, juani huoni kitu, na betri za mpya haziingii kwake, kwa hiyo betri yako ya zamani ichaji ijae uihesabie picha mpaka izime, ujue unasimama wapi.

Ya sita, karatasi. Usiamue kwa kuvuta picha kwenye kompyuta, printi. Picha ya megapikseli 18 ya kamera hii ina pikseli 5212 kwa 3472, ukiprinti kwa nukta 300 kwa inchi inapata kama sentimita 44 kwa 29, yaani A3 hasa. Megapikseli 60 zinasikika mara tatu na zaidi, lakini ukipima upana wa karatasi ni kama mara 1.8 tu. Nilipiga kwa kamera zote mbili, yangu na ile M10 ya kuazima, muuza kahawa mmoja na dele lake, lenzi ile ile, maana lenzi za Leica M za tangu 1954 zinaingia mpaka leo, kwa hiyo ukibadili mwili wa kamera lenzi zako hazipotei. Nikaprinti A3 zote. Wallahi nilizichanganya mezani nikashindwa kujua ipi ni ipi mpaka nilipogeuza nyuma nikasoma nilichoandika kwa penseli. Kama unaprinti ukutani mita nzima, au una tabia ya kukata picha ukabakisha robo, hapo tofauti utaiona na hela yako ina kazi. Kama mwisho wako ni A3 na simu, haina.

Na jengine, ninayo picha ya lile jumba la Beit el Ajaib la hapa Mji Mkongwe na mnara wake, nlopiga kabla ya ile Disemba 25, 2020 liliposhuka upande mmoja. Ni megapikseli 18. Hakuna kamera ya kuirudia.

Sasa mimi nimeamuaje. Mchana nabaki na hii. Nakusanya pole pole kwa ajili ya M10 Monochrom iliyotumika, si M11, kwa sababu ya kazi za usiku tu, maulidi na harusi za ndani. Na kama mtu ndo anaanza, hana lenzi hata moja za M, aiangalie Pentax K-3 Mark III Monochrome ya 2023, bei yake iko chini sana ukilinganisha na hizi na mwili wake umezibwa vumbi na maji, kwa pwani yetu hilo ni jambo kubwa.

La mwisho, ukiamua kuuza. Isafishe, itie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu mpaka siku mteja anakuja, usiiache kwenye begi la ngozi, ngozi inashika unyevu. Na mteja akija, muoneshe ile picha ya ukuta mweupe ya f/16, ya siku hiyo hiyo, aivute mwenyewe kona zote nne kabla hajatoa hela.