Simu ya Saa Nne Asubuhi: Mhadhara kwa Wanaojitolea Kuwajulia Hali Wazee

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Naanza na neno hilohilo, "habari", maana ndilo linalotuangusha.

Mswahili akiulizwa habari, hata kama ana homa ya siku tatu, atajibu "nzuri". Hiyo ni adabu tu. Taarifa yenyewe huja nyuma, baada ya "ila": "Nzuri mwanangu, ila mguu." "Salama, ila usiku sikulala." Mpigaji mwenye haraka husikia "salama", anashukuru, anakata. Basi amkia, subiri marahaba, uliza hali, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Ukimya wa simu unatutisha sisi vijana. Mzee anautumia kuitafuta "ila" yake.

Baada ya hapo usiulize "umekula?" Atasema amekula. Uliza jana usiku alipika nini, na maji ya leo kachota nani. Akitaja chai ya rangi simu tatu mfululizo, andika. Kisha mwache akufundishe kitu: pweza analainishwaje, mbegu za mtama zinahifadhiwaje. Mtu anayeulizwa maradhi kila siku huchoka kuwa mgonjwa.

Tuje kwenye sikio. Uzeeni sauti nyembamba hutangulia kupotea, zile za s, f, sh na t. Simu nayo inazibana zaidi, kwani mazungumzo ya kawaida ya simu hupita kati ya hezi 300 na 3,400 hivi. Ukipiga kelele unakuza irabu tu, na spika ya kitochi inaanza kukwaruza. Shusha sauti iwe nzito kidogo, sema taratibu, zima redio na feni. Na chunga namba: "sita" na "tisa" ni herufi zilezile zilizobadilishana nafasi. Sema "saa sita mchana" au "saa tisa alasiri", kisha mwombe arudie.

Uingereza kuna laini ya simu ya wazee wapweke, The Silver Line, aliyoianzisha mtangazaji wa televisheni Esther Rantzen mwaka 2013. Ilipoanza, mzee alipiga bure saa yoyote ya usiku na mchana. Wazee wetu wengi wana salio la kubipu tu, kwa hiyo hapa tunapiga sisi. Ugumu ni kwamba hapa Tanzania namba ngeni inanuka utapeli. Kila mtu ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Simu ya kwanza, basi, usipige peke yako. Mwenyekiti wa mtaa au jirani anayeaminika awe ameketi na mzee, akutambulishe, aihifadhi namba yako kwa jina. Usibadilishe laini. Mzee achague neno moja la siri ambalo wewe utalitamka kila unapopiga; asiposikia neno hilo, akate. Fedha haziombwi, hazitumwi, hazikopeshwi, hata shilingi 1,000 ya dawa. Shida ya dawa inapelekwa kwa mratibu. Namba ya siri ya simu usiitaje hata kwa utani. Mwambie pia kwamba watoa huduma wa mitandao hupiga kwa namba 100, basi.

Sasa simu isiyopokelewa. Hapa ndipo kazi yetu ilipo, na ndipo tunapozembea. Mara nyingi sababu ni ndogo: chaji imeisha, yuko msalani, anaswali, au amebonyeza kitufe cha sauti bila kujua. Mara nyingine alikuwa njiani kuifuata simu, akafika imekata. Acha iite mpaka mwisho, kaa dakika moja, piga tena. Kimya? Rudia baada ya dakika 15, halafu baada ya saa moja. Ikishindikana, piga kwa jirani wa kwanza, kisha wa pili, kisha balozi wa nyumba kumi. Usiseme "nenda kamwangalie ukipata nafasi". Sema "nenda sasa, nipigie ukiwa mlangoni". Mpango huu unafanya kazi kwa sharti moja: saa isibadilike. Ukipiga leo saa nne, kesho saa nane, hakuna atakayejua kimya kipi ni cha kawaida.

Mzee kurudia hadithi si hatari. Hatari ni mabadiliko. Ulimi ukianza kuwa mzito ghafla, huenda ni kiharusi: jirani aende papo hapo, usafiri wa hospitali utafutwe, asipewe chakula wala kinywaji. Aliyekuwa na akili timamu juzi na leo hajui yuko wapi, mara nyingi ana maambukizi au upungufu wa maji. Naye anapelekwa siku hiyohiyo. Akinong'ona, pengine hayuko peke yake. Muulize maswali ya ndiyo na hapana tu.

Hesabu ya muda ni fupi. Wazee wanne, simu mbili kwa wiki, dakika 20 kila moja: dakika 160. Nunua kifurushi cha dakika 200, maana jirani naye atapigiwa. Usichukue mzee wa tano kwa huruma. Huyo ndiye atakayekufanya uchelewe kwa wale wanne.

Daftari liwe na mistari mitatu kwa simu: alichosema, kilichobadilika, ulichoahidi. Ukurasa wa mbele uwe na jina analopenda kuitwa, saa zake za ibada, siku ya kliniki, na aliye na ufunguo wa akiba. Hizo ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022. Usizipige picha, usizitupe kwenye kundi la WhatsApp.

Ukihama au ukichoka, sema wiki tatu kabla. Simu ya kwanza ya kukabidhiana mzungumze watatu, wewe, mzee na mwenzako atakayekupokea, wewe ukiongoza. Ya pili aongoze huyo mwenzako. Ya tatu wewe usalimie tu, uage. Daftari mpe mkononi.