Namba sita za barua pepe ya AMCOS

Makatibu na makarani wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya mazao, shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Tulimalize hili kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, maana minada ikianza hata chai mtainywa mmesimama.

Barua pepe ya ofisi inalindwa na nywila tu. Katibu anaijua, karani anaijua, na kijana wa steshenari aliyewafungulia akaunti anaijua. Tunaongeza kufuli la pili: namba sita za kuandika baada ya nywila. Wengi mnazipata kwa SMS. Si haba, ila SMS huifuata laini. Tapeli akifanikiwa kuihamishia laini yako kwenye kadi yake, namba zinaingia kwake. Na nyie wa kando ya Ruvuma, simu ikidaka mtandao wa Msumbiji, SMS mtaisubiri mpaka mchoke.

Wekeni kwenye simu programu ya kuzalisha namba hizo, kama Google Authenticator. Kwenye kompyuta fungua akaunti, ingia sehemu ya usalama, washa uthibitishaji wa hatua mbili, chagua programu ya uthibitishaji. Utatokea mchoro wa QR. Hapo msiwe na pupa. Uskani kwa simu ya katibu, kisha kwa simu ya mwenyekiti, ndipo uandike kwenye kompyuta namba zinazoonekana. Simu zote mbili zitatoa namba zilezile, mpya kila sekunde 30, hata bando likiisha. Mchoro usibaki kwenye picha za simu: atakayeuona atazalisha namba kama nyie.

Namba zikikataa, angalieni saa. Programu huzikokotoa kwa ufunguo uliomo kwenye mchoro pamoja na saa ya simu. Wapo wanaoseti saa ya simu Kiswahili, saa mbili asubuhi isomeke 2:00 badala ya 8:00. Kwa programu umepotea saa sita nzima, haikubali kitu. Acheni saa ijiseti yenyewe. Mtandao wa Msumbiji ukiirudisha nyuma saa moja, msihangaike. Hapo kinachobadilika ni ukanda wa saa tu, na programu inalijua hilo.

Google hutoa pia namba za akiba 10, kila moja ya tarakimu 8, ya kutumika mara moja. Ziandikeni karatasini, zikae kwenye kasha la mihuri. Mkiomba nyingine, za zamani zinakufa zote.

Katibu akimaliza muda wake, siku hiyohiyo badilisheni nywila na mskani mchoro mpya. Simu yake itaendelea kutoa namba, ila hazitafungua kitu.