Uchungu haukimbizwi: mazungumzo na mama wakwe na wakaza mwana, Wete, Pemba

Assalaamu alaykum, mama zangu na wadogo zangu. Ahsanteni kwa kuja, najua wengine mmeacha karafuu kwenye majamvi.

Naanza na nyinyi mama wakwe, maana ndio mnaotuuliza sisi wakunga mlangoni, "Yumo humo tangu alfajiri, mbona hajajifungua?" Uchungu wa mwanzo huja ukaondoka, njia ya uzazi ikalainika na kufunguka taratibu mpaka sentimita 5. Hapo hapana saa maalumu, mwengine hupitisha usiku mzima. Baada ya hapo ndipo unakamata kweli, na mimba ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 12, aliyekwisha kuzaa hadi saa 10. Sisi wakunga tulifundishwa kuwa kila saa njia ifunguke sentimita 1, asiyefika tukamuona mvivu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kipimo hicho ni kikali mno kwa wanawake wengi. Mama akiwa mzima, na moyo wa mtoto ukipiga baina ya 110 na 160 kwa dakika, tunasubiri.

Lakini kusubiri si kulala chali. Kisa cha Bibi Maryam mnakijua kuliko mimi: uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akaambiwa ale tende na anywe maji. Nani alimlaza kitandani? Basi mzazi atembee, aegemee ukuta au shingo ya mwenziwe, akichoka alale ubavu. Kuwa wima hufupisha muda wa uchungu kwa zaidi ya saa moja. Ale uji mwepesi, mkunga asipomkataza. Na akojoe kila mara. Kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka, na watu hulisahau hilo.

Akigombezwa akaogopa, mwili humwaga adrenalini, uchungu ukalegea. Kwa hiyo awe na mtu anayemtaka mwenyewe, na si lazima uwe wewe mama mkwe, uniwie radhi. Amkande kiuno, amnyweshe maji. Asimwambie "sukuma" kabla njia haijatimia sentimita 10.

Sasa kile kikombe cha dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu, kinachofichwa ndani ya kanga. Tunakijua. Tunaona tumbo limekaza halipumziki, mapigo ya mtoto yanashuka, tukiuliza kila mtu anatazama chini. Dripu yetu ya kuongeza uchungu ikizidi tunaifunga. Dawa iliyokwisha kunywewa utaifunga wapi? Mtoto hukosa hewa, kizazi huweza kuchanika, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Kama umempa, niambie kando. Sitakugombeza, nataka kujua tu.

Damu ikitoka nyingi, maji yakiwa ya kijani, kichwa kikimuuma sana na macho yakaona kiza, degedege, homa, mtoto kuacha kucheza: hapo hapana tende wala kutembea, ni gari na hospitali. Maji yakitoka hata bila ya uchungu, mleteni.

Bibi pale nyuma anauliza mzazi atoke nyumbani lini. Kwa mimba ya kwanza, uchungu ukija kila dakika 5, ukakaa kama dakika nzima, ukaendelea hivyo saa moja, toka. Aliyekwisha kuzaa asingoje hapo. Na wa Kojani na Fundo, mnaohitaji chombo kuvuka, nyinyi hesabuni na bahari: semeni na mwenye mashua tangu mimba ya miezi minane.